Kitabu Alichokiacha Baba Yako Njiani

Malindi, Mji Mkongwe,
Unguja.
9 Februari 2025

Mpendwa ndugu yangu Himid,

Assalaamu alaykum. Nakuitikia marahaba kabisa, maana najua ungeniamkia. Hujambo wewe na watoto? Joto la Maskati limewapumzisha kidogo? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu, ila nyumba imepooza tangu baba yako alipotuondokea.

Mama yako hajambo. Eda yake itamalizika kabla ya Ramadhani, na mimi, mtoto wa dada yake, bado nalala naye hapa hapa. Macho ndiyo yale yale, mtoto wa jicho hajamwachia.

Uliniandikia nivigawe vitabu vya marehemu, ili mama akitoka eda asivikute akaumia. Ulisema kwa huruma, najua. Nikaanza kuvifunga. Akasikia karatasi zinavyochakarika, akaniita, "Nusrat, wafanya nini na vitabu vya mume wangu?" Niliona haya, Himid. Nikavirudisha kabatini vyote.

Tangu siku hiyo namsomea mimi, kama alivyokuwa akisomewa na baba yako kila baada ya Isha. Mimi si mtu wa vitabu, lakini sasa nina maneno yangu juu yavyo. Riwaya za mapenzi zinanichosha: mwandishi akishindwa kuwaoza wapenzi wake, mmoja anaugua ghafla. Za majini nazo, majini wenyewe wanasema kuliko mawakili. Ile ya watu waliohamia sayari nyengine niliipenda, ingawa mama alinikatiza kuuliza kibla chao kiko wapi, na mpaka mwisho hatukuambiwa.

Vitabu vya katuni ndivyo vilivyonishinda. Nikisoma "Puu!", anauliza nani kapigwa, nabaki natafuta. Kumbe baba yako alikuwa akimsimulia kila picha, mpaka rangi ya nguo za adui. Hapo nililia.

Kimebaki kimoja, cha upelelezi, alichokinunua baba yako sokoni Mwanakwerekwe kwa muuza vitabu vikuukuu. Alifariki kabla ya sura ya mwisho. Ukurasa kaukunja mwenyewe. Nilipokifungua, mama akanizuia. "Hicho usinsomee wewe. Himid ana sauti ya baba'ke, lakini hanpigii. Ananletea maandishi tu, na mie sioni."

Ndugu yangu, najua unaogopa kumsikia analia. Mimi namsikia kila siku. Kitabu hicho nimempa jirani yetu Badriya, anayesafiri kuja huko, akukabidhi pamoja na barua hii. Mpigie mama umsomee kabla hajatoka eda. Usikimbize, baba yako alikuwa akisoma taratibu.

Mwisho nimeshauchungulia, usimwambie. Mama yako anashikilia kwamba muuaji ni mpishi. Baba yako alisema ni daktari, na walibishana mpaka alipozidiwa na maradhi. Ni daktari. Ukifika hapo nyamaza kidogo, maana atataka kumgombeza baba yako. Mwache amgombeze.

Nisalimie mkeo Nada na uwabusu watoto. Mume wangu Ayoub anakusalimu sana, na binti yangu Mize anakuamkia shikamoo. Mungu akupe nguvu ya kuufungua ukurasa huo, na amrehemu aliyeukunja.

Dada yako akupendaye,
Nusrat