Mshale wa Oili Umelala

Jumamosi, Mvara. Mvua ilianza kabla sijaamka, na bado inagonga mabati.

Taa ya oili kwenye gari langu imewaka tena.

Wiki hii fundi Drani amebadilisha swichi ya taa, kisha pampu ya oili, na kila mara amepangusa mikono na kusema, "Mzee, sasa iko sawa." Nilitamani kumwamini. Lakini nimefundisha fizikia maisha yangu yote, na masikio bado hayajanisaliti. Chini ya injini kulikuwa na kugonga kuzito.

Leo ameleta geji ya kupima presha ya oili, akaifunga palipokuwa na swichi. Nilitazama kutoka barazani, blanketi magotini. Injini ikiwa baridi, mshale ulipanda vizuri. Tukangoja ipate moto. Mshale ukashuka polepole, ukalala. Akikanyaga mafuta, unainuka kidogo. Akiachia, unalala tena. Kisha akadondosha oili kwenye kitambaa cheupe. Vichembe vya shaba viling'aa.

Beringi za kranki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, zimelika. Dawa yake ni kushusha injini, kuchonga kranki na kungoja vipuri kutoka Kampala. Majuma.

Mimi sina majuma. Daktari ameniambia, na hapa nyumbani sijamwambia mtu.

Dada yangu Hawa yuko Koboko, kwenye boma la wazee wetu. Haoni tena, wala hasafiri. Jana alinipigia simu: "Wewe kijana, kuja haraka. Ukichelewa utasalimia kaburi." Akacheka peke yake. Mimi ndiye kijana!

Binti yangu Rukia, ambaye ndiye dereva wangu, anauliza kwa nini tusipande teksi pamoja na abiria wengine. Lami ni nzuri, Koboko si mbali. Namwambia mgongo unauma. Si kweli. Anaujua mfuko wa mkojo niliofungwa mguuni, lakini hajui jinsi ninavyouonea haya. Niliwahi kukodi gari la mtu, mfuko ukavuja kwenye kiti chake. Yule dereva hakusema neno hadi tulipofika. Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo ni gari hili au hakuna.

Madereva wa huku wana ujanja wao wa siku za soko: wanamimina oili nzito, ile ya gia, ili taa isiwake njiani, ingawa injini inazidi kulika. Nilikuwa nawakataza wanafunzi wangu upuuzi huo. Leo Drani ameinama sikioni kwangu.

"Mzee, naweza weka ile nzito. Koboko itafika. Kurudi, mimi hapana jua."

Nikamwambia aweke.

Rukia alipotoka na chai, taa ilikuwa imezimika. Akauliza, "Gari imepona?" Drani akanitazama, kisha akatazama viatu vyake.

Nikasema imepona.

Sasa naandika haya peke yangu. Wazee wetu wamezikwa Koboko, nyuma ya nyumba ya Hawa, na neno "kurudi" halinitishi kama lilivyopaswa kunitisha. Lakini Rukia ana watoto wanaomngoja hapa. Kesho atashika usukani akiiamini taa niliyoizima mimi, akidhani ananipeleka kusalimia tu.

Nimwambie asubuhi, kabla hajawasha, naye akatae? Au nimwambie tukishafika, mkono wangu ukiwa tayari mkononi mwa Hawa?