Mgeni Hapewi Mahindi ya Zamani

Doha, Ijumaa asubuhi, mwezi wa Novemba

Kwako Baba,

Leo nitakueleza yote, hata yale ninayoyameza tukiwa kwenye simu. Huko wewe husema "hatujambo," nami nasema "hatujambo," kisha salio linaisha. Kifua chako kinaendeleaje na vumbi la duka? Mvua imewaruhusu kuvuna? Mama ni mzima. Ametoka zamu ya usiku hospitalini na sasa amelala. Ninaandika nikiwa nimekaa sakafuni ili nisimwamshe.

Siku nyingi tunapishana mlangoni. Yeye huniambia, "Kula, usinisubiri," nami hula peke yangu. Askari wa jengo letu hapa Al Mansoura, kaka mmoja wa Uganda, huniuliza, "Umeshindaje, dada?" Kuna siku hicho ndicho Kiswahili pekee ninachosikia mpaka nilale.

Chuoni nimeingia mwaka wa mwisho wa stashahada ya usimamizi wa ghala. Juzi, katika ghala la mafunzo, niliambiwa nitoe katoni za maziwa ya unga za mteja. Nikazipita zilizokuwa mbele, nikapanda ngazi, nikashusha zilizoingia wiki hiyo. Nilijiona nimefanya vizuri sana. Mwalimu wetu, Msudani mwenye utani, akazitazama tarehe, kisha akanitazama mimi.

"Binti, huyu ni mteja au ni mkwe wako?"

"Ni mteja, Mwalimu."

"Mbona unampa mapya na kutuachia yanayokaribia kuharibika?"

Nikamjibu ukweli: "Kwetu mgeni hapewi cha zamani."

Darasa zima likacheka. Msichana mmoja akasema, "Basi sisi tutanunua kwenu!" Hakuwa na ubaya. Lakini wakati wa chakula walikaa pamoja wakizungumza Kiarabu, nami nikala chapati yangu kando ya ngazi, nikikuwaza wewe.

Mteja akija na gorogoro lake, kile kibati cha kupimia, unamfungulia gunia jipya la mahindi; yaliyoingiwa na fukusi tunasaga sisi. Ni heshima, Baba, wala sitaki uiache. Lakini hapa kilichotangulia kuingia ndicho kinachotangulia kutoka, kingali kizuri, kwa hiyo hakuna anayekula kibovu, mgeni wala mwenyeji. Sisi Kitale tunapanga magunia mpaka ukutani, ya zamani yanafungiwa nyuma. Tukiyainua juu ya mbao na kuacha njia katikati, yatafikika. Nimechora duka letu lote hivyo, nikaubandika mchoro juu ya kitanda.

Sasa nifike kwenye lililonikalisha niandike. Jumapili nilimsikia Mama akizungumza na Baba Mdogo. Kumbe kuna mtu anataka duka letu aweke vipuri vya pikipiki, nawe umechoka, utamjibu mwaka ukiisha. Mama hakuniambia, nami sikumuuliza. Masomo yangu yatakwisha katikati ya mwaka ujao. Wenzangu wanatafuta kazi katika maghala ya huku. Mimi sijatafuta.

Nisalimie Nyanya, mwombezi wetu sote, na Shangazi wa kwaya, na yule mzee wa mashine ya kusaga anayeniita mhasibu. Jibu kwa barua, Baba, maana kwenye simu utasema hamjambo.

Ni mimi binti yako, Nekesa, ninayekuuliza: utalishikilia duka mpaka nirudi?