Vidonge Vitatu vya Asubuhi

Jumatatu, 3 Machi
Vidonge vitatu baada ya uji, kama kila siku. Amlodipini, losatani, haidroklorothiazaidi. Naandika kwa kalamu nene, herufi kubwa. Mtoto wa jicho ameziba jicho la kulia na la kushoto linafuata. Mjini wamenirudisha mara ya pili bila upasuaji: presha 178 kwa 104. Daktari wa macho kasema isiposhuka hanigusi. Akauliza kama nakula chumvi. Niliacha tangu mwaka juzi, nikamwambia hivyo. Naogopa. Mwalimu asiyeweza kusoma ni nini?

Alhamisi, 6 Machi
Elinipa, mke wa mwanangu, anasomea utabibu mjini na jioni hurudi hapa Kikwe. Ana mtihani wa dawa za moyo na presha. Anakariri kama kasuku. Nikamwambia anisomee kwa sauti, nami nimfafanulie.

Tukaanza na mfereji wa shambani. Maji yakizidi nguvu, kingo hubomoka. Unaweza kuupanua mfereji: hiyo ni amlodipini, hulegeza kuta za mishipa. Unaweza kupunguza maji: haidroklorothiazaidi huzifanya figo zitoe sodiamu, na maji huifuata. Losatani huiziba mishipa masikio, isisikie amri ya kujibana. Kisha koo za dawa. Atenololi, bisoprololi, propranololi: ukoo mmoja, kazi yao kutuliza mapigo ya moyo.

"Mama, mhadhiri wetu aje akae hapa jikoni!"

Anashika upesi. Nilifundisha kemia miaka thelathini na mmoja. Wa namna hii nawahesabu kwa vidole.

Jumamosi, 8 Machi
Makande. Elinipa alichochea kuni, daftari mapajani. Akasoma: haidroklorothiazaidi hushindwa kazi mgonjwa akila sodiamu nyingi. Akainua macho. Alikuwa akitazama mkono wangu juu ya sufuria. Nikauliza kulikoni. "Hamna kitu, Mama." Akaandika jambo daftarini.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya ibada akasogeza kigoda karibu.

"Mama, naomba kuuliza swali la kidato cha pili."

"Uliza."

"Magadi ni nini, kikemia?"

Nikajibu kwa majigambo, kama niko darasani. Kabonati ya sodiamu.

Sodiamu.

Nilikasirika. Nikamwambia mama yangu alipikia magadi maisha yake yote na tulimzika na miaka tisini. Akainamisha kichwa. Nikaenda kukaa migombani.

Jumatatu, 10 Machi
Hasira imekwisha. Imebaki aibu.

Chumvi niliacha kweli. Magadi sikuyahesabu, kwa sababu sikuyatia kwa ajili ya ladha. Niliyatia maharage yaive upesi, mnavu ubaki kijani. Kila siku. Kidonge kinatoa sodiamu mlangoni, mimi naiingiza dirishani. Na fomula yake nimeiandika ubaoni mara ngapi?

Angeweza kunisema mbele ya daktari. Angeweza kunicheka. Akaniuliza swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo mwenyewe. Ualimu ni huo, na hakuna aliyemfundisha.

Nimemkabidhi kopo la magadi. Nimemwomba radhi. "Basi, Mama, usinitie aibu."

Jumatano, 26 Machi
Maharage tunayaloweka tangu jana yake. Kuni zinakwenda mara mbili. Mnavu una rangi ya tope. Sipendi. Nakula.

Vidonge ni vile vile vitatu. Elinipa hunipima kila asubuhi, anaandika, hanisomei. "Mama, wewe ukijua utaipandisha kwa wasiwasi." Ni kweli. Mtihani wake kafanya jana. Anasema mfereji ulimjia wote.

Alhamisi, 10 Aprili
Mjini, mara ya tatu. Daktari alipima. Akapima tena. 136 kwa 84. Akauliza nimeongezewa dawa gani. Nikamwonyesha Elinipa mlangoni. "Huyo."

Jicho la kulia limefanyiwa upasuaji. Limefungwa bandeji, kwa hiyo haya anayaandika Elinipa, nami natamka. Sentensi ya "Huyo" alitaka kuiruka. Nimemkataza.

Jumamosi, 12 Aprili
Bandeji ilitolewa jana. Mvua imekatika, kilele cha Meru kina ncha tena. Elinipa yuko kisimani. Daftari lake liko mezani.

Nimevaa miwani, nikafungua ukurasa wa haidroklorothiazaidi. Pembeni, kwa penseli, tarehe nane Machi, maneno mawili madogo kama sisimizi: "Usimwambie. Muulize."

Nimeyasoma bila kukaza jicho. Daftari nimelirudisha lilivyokuwa.

Kalamu nene nimeiweka kando.