Nimeuozesha Mmea wa Bi Bharti

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, nimechoka hata kulia. Naitwa Peris, mzaliwa wa Vihiga, kazi yangu hapa Harrow, ughaibuni, ni kutunza wazee, na huu ni mwaka wa tatu niko na Bi Bharti, mjane aliyehamia huku kutoka Kisumu, asiyeona tena, na bustanini kwake palikuwa na mmea ambao marehemu mumewe Yogesh alimpandia macho yalipoanza kufifia, majani rangi ya fedha, laini kama sikio la mwanakondoo, na kila asubuhi lazima nimletee jani moja alipapase ndipo anywe chai, basi mwaka jana nikaanza kufanya shifti mbili, nikahofia mmea usinifie mikononi, nikawa naumwagia maji kila siku, juu ya majani, hata mvua ikinyesha, kufika Novemba umeoza wote kama matambara, nikautupa kimyakimya. Tangu hapo nachuma majani ya mmea kama huo wa jirani, Mama Balwinder, yanayopenya chini ya uzio. Bi Bharti akiniuliza, "Peris, mti ya mzee iko sawa?" najibu, "Iko sawa, Mama, imenawiri." Juzi amesema, "Jumapili nipeleke nikae hapo, nishike mwenyewe." Nikisema kweli atanifukuza, nikinyamaza atapapasa udongo mtupu. Nifanyeje?

MSHAURI ANAJIBU: Peris, Jumapili haingoji gazeti, ndiyo maana nilikupigia simu. Niliyokuambia ni haya. Pole kwa uchovu. Kuzidisha maji ni kosa la wengi, hilo tuliache. Lakini kumdanganya mama asiyeona, kila asubuhi, kwa jani la wizi! Hapo huna utetezi. Kesho, kabla ya chai, mshike mkono umwambie, "Mama, mti ilikufa, ni mimi niliiua." Usitaje shifti. Akilia, kaa naye. Kisha kabishe hodi kwa Mama Balwinder, uungame, umwombe kipande chenye mizizi. Kipandwe penye jua, udongo uchanganywe na mchanga, maji kidogo shinani, majani yasiloe. Na ile shifti ya pili uiache mwezi huu huu. Mwili wako nao unaoza.

Peris amenipigia Jumatatu. Bi Bharti alilia, akakaa siku mbili bila kumsemesha. Jumapili alitoka na fimbo yake, akapiga magoti, akapanda mwenyewe kile kipande alichotoa Mama Balwinder. Peris alipoinama kumsaidia, akamsukuma taratibu.

"Wewe kaa kwa kiti," alimwambia. "Nasikia vile unapumua. Umechoka sana."