Nyumba Tuliyoijenga kwa "Would" Mbili

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa kabla sijaomba ujue unaandikiwa na mtu ambaye Waingereza wenyewe wakipotea ndani ya lugha yao itabidi waje wamuulize njia. Hapa kwa dobi ninapopiga pasi mashuka ya hoteli wananiita Profesa, na shule niliiacha kidato cha pili si kwa ujinga, ila walimu walianza kunionea haya.

Sasa sikia. Dada yangu, aliyenilea tangu mama atutangulie, anafagia wodi za hospitali na anataka kuingia chuo cha uuguzi, ila mlangoni pana mtihani wa Kiingereza, akaja akaniambia, "Profesa wangu, hizi sentensi za 'if' zinanitoa jasho, nifundishe," na mimi badala ya kusema sijui nikasema, "Keti hapo, mwanafunzi," basi kila alasiri akitoka kazini anakaa juu ya kikapu cha nguo, mvuke unapanda, mashuka meupe yananing'inia pande zote hadi huoni ukuta, nami napiga pasi huku nafundisha: kwetu tunasema ningekuwa na nyumba ningeweka kitanda, "nge" huku na "nge" kule, kwa hiyo na Kiingereza tia "would" huku na "would" kule, mlango utasimamaje kwa mwimo mmoja?

Mshauri, ilikuwa raha. "If I would have a house, I would put a window," anasema dada, na dirisha naliona kweli kwenye shuka, jua linaingia. "If I would be a nurse," anasema akiwa amefumba macho, na ndala zake zinageuka viatu vyeupe. Tukajenga vyumba, veranda, hata kitanda changu kirefu ambacho miguu haitokezi nje, wiki sita tunaelea humo kama povu la sabuni, mpaka siku moja pasi ikatoboa shuka la watu na sikusikia hata harufu.

Matokeo yakatoka, amefeli. Karatasi wamemrudishia, nikaichungulia: wino mwekundu umekaa juu ya kila "would" niliyoiweka upande wa "if", haikusalimika hata moja. Yeye akadhani alinisikia vibaya. Daftari amelifunga kamba, anasema mwisho wa kujiandikisha kurudia ni Ijumaa na haendi, kichwa chake kimeumbiwa ufagio. Lakini hilo silo lililoharibika kweli. Lililoharibika ni kwamba aliniambia, "Nisamehe mdogo wangu, nimekupotezea muda wako," na mimi, mshauri, nikamwambia nimemsamehe.

Profesa wa Pasi

JIBU

Wee Profesa, umenichekesha hadi mstari wa mwisho, hapo nikaiweka barua chini. Kutojua si kosa, sote tulizaliwa hatujui. Lakini mtu aliyekufunga kamba za viatu amekuomba radhi kwa kosa lako, nawe ukampa, tena kwa ukarimu! Hilo kunjo halinyooshwi kwa pasi.

Kiingereza kwanza. Jambo linaloweza kutokea, upande wa "if" tumia wakati uliopo, na "will" ikae upande wa pili. Ndoto, upande wa "if" kitenzi huvaa nguo za jana, "If I had a house", hata kama nyumba haijawahi kuwepo, na "would" hukaa ng'ambo peke yake. Mlango wao una mwimo mmoja na unasimama, usibishane nao. Majuto ya yaliyokwisha pita: "If I had told you, you would have passed." Hiyo iandike mara ishirini, inakuhusu.

Nyumba yenu sikuambii uibomoe. Nimeiota hata mimi baada ya kukusoma. Ila lile dirisha alilitaja yeye, si wewe, na kichwa kilichoumbiwa ufagio hakioti madirisha.

Leo, kabla hajavua nguo za kazi, fungua ile kamba, mpe daftari lake, mwambie: "Nilikuwa sijui, nikakudanganya, umefeli kwa sababu yangu." Usitie "kama" humo, wala "labda". Akikupiga nalo kichwani, inama apige vizuri. Ijumaa asubuhi mfuatane akajiandikishe, na kuanzia Jumatatu, atakayekaa juu ya kikapu ni wewe.