Moyo Kwenye Picha ya Ufukweni

El Ejido, Hispania, 3 Septemba

Binti yangu Yadira,
Salamu kutoka huku kwenye joto. Wewe na mama yako hamjambo? Mimi mzima. Nilinyamaza muda mrefu kwa sababu simu ilikuwa mbovu.

Nina swali. Deisy, yule Mkolombia ninayepanga nyumbani kwao, kanionyesha simu yake. Ukurasa wako umeweka moyo kwenye picha yake ya ufukweni, ya miaka miwili nyuma. Akacheka: "Don Segundo, binti yako ananistalkear." Ni nini hicho? Amekukosea?

Baba yako

Saraguro, Ekuado, 5 Septemba

Baba, shikamoo.
Mahindi yamekomaa, mama anakohoa kidogo tu.

Stalkear ni Kiingereza tulichokivisha mkia wa Kihispania. Unaingia ukurasa wa mtu kimyakimya, unashuka picha baada ya picha mpaka umjue kuliko jirani yake. Sharti usiache alama. Kidole kikiteleza ukaweka moyo kwenye picha ya zamani, umeumbuka. Darasani kwetu mtu anaweza kuhama shule kwa aibu hiyo.

Sasa nijibu na wewe. Kuna picha yake ya Agosti. Umekaa mezani, umefumba macho, Deisy anakulisha wali kwa kijiko. Hiyo ndiyo simu mbovu? Binamu zangu wameiona. "Babako kapata wa kumtafunia," wananiambia. Jumapili mnatimiza miaka ishirini ya ndoa, na mama anakusubiri upige. Usiponiambia ukweli, siku hiyo namwonyesha.

Mwanao

El Ejido, 6 Septemba

Mwanangu,
Nisamehe, leo salamu zitangoja.

Anayeandika si mimi. Mimi nasema, Wilmer, mume wa Deisy, anabonyeza. Tulikuwa juu ya mabanda ya plastiki tunapiga chokaa, jua lisiunguze pilipili hoho. Kule juu unakanyaga waya, hukanyagi plastiki. Nilichoka, nikakanyaga plastiki, nikaanguka hadi chini. Mikono yote miwili imevunjika, imefungwa hogo. Kijiko sikishiki. Sikupiga simu kwa kuwa sauti ingenisaliti.

Wilmer anataka ujue: kulisha ni kazi ya mkewe, kuniogesha ni yake, na mwenye haki ya kulalamika ni yeye.

Usimwambie mama yako. Atalia, ataniambia nirudi, nami nitarudi.

Baba yako

Saraguro, 8 Septemba, Jumapili

Baba, shikamoo, na pole sana.
Moyo ule sikuuweka mimi. Kidole changu hakitelezi. Nilimuuliza mama, akainamia sufuria ya humita, akipanga vifurushi vya mahindi. Kumbe nikilala huchukua simu yangu.

Picha ya kijiko aliiona kabla yangu. "Tazama vifungo vya shati," aliniambia. "Baba yako hajawahi kukosea kifungo. Hapo kavalishwa, tena na mwanamume." Tangu siku hiyo anashuka kwenye picha za Deisy akitafuta mikono yako. Hakukuuliza. Alitaka umwambie mwenyewe.

Kwenye ile ya ufukweni uko nyuma kabisa, umebeba maboksi, moja kila mkono. Nikamwambia, "Mama, umetuumbua, kidole kimeteleza." Akasema hakikuteleza.

Humita ziko mezani. Simu ameipakata. Anasema Wilmer akupigie namba, akuwekee simu sikioni, kisha azibe masikio yake.

Mwanao