Moja Inaanzia Wapi

Biashara Street, Nairobi
3 Machi 2025

Kwako Gaurav,

Hujambo, na Anti Vimla hajambo? Magoti yake yanaendeleaje na zile ngazi zenu? Mimi mzima. Nimefunga Ramadhani, duka limepoa, na mjomba amesinzia nyuma ya majora ya pazia, kwa hiyo nina kama saa moja ya kukuandikia.

Natumia karatasi kwa sababu namba yako ya zamani sasa ni ya mama mmoja wa Kitengela anayefuga kuku. Tumeongea naye mara mbili. Ni mtu mzuri, lakini hapigi dramu. Barua nitaiacha kwa Musili pale getini kwenu Muthangari, kama bado ndiye askari.

Nina shida. Bendi imealikwa kupiga Westlands tarehe 14 Juni, na waliotualika wanataka “Lifti Imeharibika”. Hawataki wimbo mwingine. Tangu uondoke nimebadilisha wapiga dramu wanne na hakuna aliyeuweza. Wote wanajua wimbo una mapigo saba kila mzunguko badala ya manne, wote wanafika saba bila kukosea, na bado tukiupiga unachechemea kama meza ya kibandani. Wa sasa anaitwa Were, fundi kweli kweli. Juzi aliweka vijiti chini akaniambia, “Buda, mimi nacheza vile unahesabu, na bado si ile kitu iko kwa video yenu. Huyo msee wa zamani alikuwa anado nini?”

Swali nalileta kwako. Naomba uniandikie unavyohesabu. Hata mstari mmoja utanitosha.

Najua tulivyoachana. Sitaki kufukua mambo ya 2019 kwenye barua ya kuomba msaada.

Ndugu yako,
Fahim

*

Muthangari
11 Machi 2025

Fahim,

Salamu zimefika. Mama hajambo, magoti ni yale yale. Musili alistaafu. Siku hizi askari ni Kitheka, naye aliikalia barua yako siku tatu akidhani ni mambo ya kanjo, wale watu wa kaunti.

Hii hapa hesabu. Ni ya mama. Alinifundisha nikiwa na miaka sita, kwenye tabla, zile ngoma zake mbili za Kihindi, kabla sijajua dramu ni nini:

Punga, mbili, tatu. Piga, tano. Piga, saba.

Kwenye “punga” mkono unapita hewani, hautoi sauti. Kwenye “piga” unapiga kofi. Ile punga ndiyo moja. Watu wengi hudhani moja lazima isikike. Hii haisikiki.

Na kwa kuwa umeitaja 2019 ili kusema hutaki kuitaja, nitaitaja mimi. Miaka yote wimbo ule tuliumaliza kwa kelele za gita lako mpaka watu wachoke. Siku ile wewe ndiye uliyetaka tukate ghafla, sote pamoja, kwenye moja. Nilikata kwenye moja. Wewe ukaendelea mapigo matatu peke yako mbele ya watu mia nne, kisha ukashika maiki ukasema, “Mtusamehe, mpiga dramu wetu hajui kuhesabu.” Watu wakacheka. Mama alikuwa kiti cha mbele.

Sasa hivi napima ardhi. Wiki hii niko Kitisuru, naweka mipaka ya viwanja vya watu ambao wangenipeleka kortini nikikosea kwa urefu wa kiganja. Hakuna aliyewahi kuniambia sijui kuhesabu isipokuwa wewe. Dramu zangu niliziuza mwezi ule ule na sijagusa nyingine.

Mpe Were hiyo hesabu kama nilivyoiandika.

Gaurav, mtoto wa Vimla

*

Biashara Street
22 Aprili 2025

Gaurav,

Natumai mko salama hapo nyumbani. Idi tumeisherehekea, mjomba amefanyiwa upasuaji wa jicho la kulia na sasa anaona vumbi lote la duka. Unisamehe kukaa kimya wiki sita. Barua yako niliisoma mara moja nikaitia kwenye droo ya makasi, na kila nilipotaka makasi niliazima ya jirani.

Nilichogundua ni hiki. Siku ya kwanza ulipotuonyesha wimbo, kile chumba cha juu River Road, ulihesabu kwa mkono bila kusema neno. Mimi nilikuwa nimeinama naunga waya wa gita. Mkono wako ukipunga sikuuona. Nilisikia kofi, kofi tena, halafu kimya. Nikajua kofi la kwanza ndiyo moja: moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu. Nikaingia hapo, ikakaa vizuri, na wewe hukuninyamazisha. Nikadhani nimepatia.

Kwa hiyo miaka minane moja yangu ilikuwa nne yako. Saba ni saba, tulizunguka pamoja, na hakuna ambaye angejua mpaka siku ya kukata. Ulikata mahali pake. Mimi nilikuwa nyuma yako mapigo matatu. Na hao wapiga dramu wanne, wote niliwafundisha kuanzia ninapoanzia mimi.

Maneno yale niliyasema kwa sababu nilibaki peke yangu jukwaani na gita linalia, nikaona aibu, nikaitupa kwako. Najuta sana. Nilijuta hata kabla ya kujua kwamba ulikuwa sahihi, nikanyamaza kwa kiburi. Miaka sita ya kiburi, Gaurav, na hesabu yenyewe nimekosea.

Si lazima uje Juni. Ila niambie nifanye nini.

Ndugu yako,
Fahim

*

Muthangari
26 Aprili 2025

Fahim,

Mpe mjomba pole ya jicho. Sisi wazima.

Nimeijaribu mezani, mkono mmoja hesabu yako, mwingine yangu. Ni kweli. Na mimi pia sikuwahi kukuuliza unaanzia wapi.

Lakini yale maneno hayakunipata mimi peke yangu. Ile hesabu ni ya mama. Wiki chache baada ya siku ile aliifunika tabla kwa shuka, na wanafunzi wake wa Jumamosi akawaambia wasije tena. Sikumuuliza kwa nini. Nilijua.

Nenda kwake. Jumapili tarehe 4 nitakuwa kazini Naivasha, nimeiomba hiyo siku makusudi. Mama anatoka hekaluni saa saba. Kitheka nitamwachia jina lako. Mambo ya Juni tuyaache kwanza.

Gaurav, mtoto wa Vimla

*

Biashara Street
5 Mei 2025

Gaurav,

Natumai Naivasha imekurudisha salama. Mama yako nimemwacha mzima, pengine kunishinda mimi.

Nilifika saa tisa, gita mgongoni, halua ya Mombasa mkononi. Alinifungulia mwenyewe. Akanitazama, akasema, “Umenona. Viatu acha hapo.” Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, maana nilijua nikipewa chai nitaingiwa na woga.  Nilipomaliza akasema, “Mkono lete.”

Akanifundisha punga, mbili, tatu. Mkono wangu ulikataa kabisa, kila mara unaanza kwenye kofi. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema, “Sasa piga ile yako na gita. Mimi nashika ya Gaurav.” Nikapiga. Nilipofika kwenye moja yangu nikatazama mkono wake, uko kwenye nne. Nikaanza kusogeza ili nimfuate. Akanizuia.

“Wacha kuhama. Yako iko sawa. Yake iko sawa. Ukihama, wimbo inalala. Mimi nilijua toka siku ya kwanza mlicheza hapa kwa sitting room. Nilifikiri mmepanga.”

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile. Akasema, “Nani aliniuliza? Wewe ulishika maiki. Yeye alishika funguo ya gari. Mimi nilikuwa kwa kiti ya mbele. Miaka sita, hakuna mtu ameniuliza.”

Sasa hili lingine, ndugu yangu, halikuwa langu kulisikia, lakini alinituma nilifikishe. Nilimwomba radhi kwa wanafunzi wa Jumamosi. Akashangaa. “Kwa maneno yako? Hapana. Maneno yako nilisahau kwa parking. Nilifunga darasa sababu mtoto yangu aliuza ngoma yake. Nitafundisha watoto ya watu kuhesabu, na yangu amekaa kimya hapo juu?”

Halua aliipenda. Alisema ina sukari nyingi, akala vipande vinne.

Ndugu yako,
Fahim

*

Muthangari
9 Mei 2025

Fahim,

Salamu kwako na mjomba. Mama ananiambia nikuulize halua uliinunua duka gani.

Nimemuuliza kuhusu wanafunzi wa Jumamosi. Tulikaa jikoni toka chai hadi chakula cha jioni. Sikujua kwamba ni mimi, na inaniuma. Jana niliondoa ile shuka. Ngozi ya tabla ndogo imepasuka, kuna fundi Ngara ataibadilisha.

Mwombe Were aniazime dramu zake tarehe 14, zangu unajua zilikokwenda. Na kwenye ule mwisho tusibadilishe kitu. Mimi nitakata kwangu. Wewe endelea mapigo yako matatu peke yako, taratibu, usiharakishe, halafu ukate kwako. Maiki uiache ilipo.

Tutunzie mama kiti cha mbele.

Ndugu yako,
Gaurav